Tukingoja Heroe Warudi, Sib

Dada Zuwena,

Maskati kuna baridi ya kutaka shali asubuhi. Jana nilifuatana na binamu yetu Seif pwani ya Sib, kwani kila baridi ikiingia hujitolea kuhesabu ndege wanaohamia huku. Nilikuwa na darubini machoni risasi ilipolia nyuma yetu. Heroe wote, ndege wale wa waridi wenye miguu mirefu, wakaruka.

"Majasusi!" akasema askari aliyeifyatua.

"Tunahesabu ndege tu," Seif akamjibu kwa Kiarabu.

"Ndege gani? Wako wapi?"

Pwani ilikuwa tupu. Akatukalisha mchangani, bunduki imetuelekea: ndege wasiporudi, tunakwenda gerezani. Nimeshaandika habari za vita, dada, lakini sijapata kukalishwa mbele ya bunduki.

"Omba Mungu, bwana mwandishi," Seif akaninong'oneza. "Kalamu yako haitutoi hapa."

Maji yalipokupwa, heroe wakarudi mmoja mmoja. Askari akawatazama kwa darubini yangu, akacheka kama mtoto, akaenda zake nayo shingoni. Hatukuthubutu kumwita.

Kadi hii nampa msafiri aitie posta Dubai; ya hapa naiogopa. Mama mwambie nimeona ndege wazuri, basi. Mungu akulindie wanao.

Nduguyo,
Khamis