Binti Yangu Profesa Hajui Baba Yake Alilinda Gereza Lile

Mshauri mpendwa, nisaidie mama mwenzio, maana hii wiki ya tatu sikai nikatulia, nafua nguo safi, nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nikikaa nasimama. Kwanza ujue kwamba binti yangu ni profesa wa historia, profesa kamili, si wa kuitwa tu, na mimi niliishia darasa la sita kwa hiyo usamehe mwandiko, lakini mtoto nimemzaa mimi, na mlango wa ofisi yake una jina lake kwa herufi za shaba, nimezigusa kwa mkono wangu huu.

Miaka kumi na tisa anachunguza magereza ya jeshi ya wakati wa vita. Watu huniuliza, mwanamke na magereza wapi na wapi, nawaambia mwenzenu anaitwa mpaka ng'ambo kuhutubia. Huwakusanya wazee waliofungwa, akawapa karatasi kubwa na penseli wachore gereza, maana anasema mtu akichora hukumbuka hata asilotaka. Safari hii chumba chao chuoni kilikuwa kinapakwa rangi, nikasema walete kwangu, meza yangu inakalisha watu wanane.

Basi wazee wanne wanachora, nami nimeshika birika la chai, nikaona wameweka jiko kando ya lango, mdomo ukatangulia akili: "Siyo hapo, jiko lilikuwa upande wa kisima."

Mmoja wao, fundi cherehani mstaafu, akaniangalia. "Dada, umejuaje?"

"Jiko gani likae mbali na maji? Ninyi wanaume mlipika lini mkajua?"

Wakacheka, na binti yangu akasema, "Mnaona? Uprofesa nimeurithi kwa mama." Wakafuta, wakachora upande wa kisima. Yule fundi hakucheka.

Mshauri, nilijua kwa sababu kila Jumamosi nilipeleka nguo za mume wangu pale. Alikuwa mlinzi. Alifariki binti akiwa na miaka mitatu, na vita vilipokwisha nyumba za walinzi zilirushiwa mawe, tukahama, nikamwambia mtoto baba yako alikuwa mpishi wa jeshi, na uongo ukahama nasi. Sasa kitabu chake kinakwenda kuchapwa mwisho wa mwezi, na ukurasa wa mwanzo ameandika: Kwa baba yangu, aliyepika na hakumfungia mtu mlango. Alinisomea machozi yakimlengalenga, nami nikasema, "Vizuri, mwanangu."

Na siyo hilo tu. Mdogo wake fundi aliugua mle gerezani, akatolewa kwa machela, hakuonekana tena. Alisema mezani pangu, "Sitafuti ugomvi na mtu, nataka kujua alipolazwa." Na mimi kabatini, chini ya mashuka, nina daftari la mume wangu. Wageni walipoondoka nikalifungua. Jina lipo. Tarehe ipo. Mahali papo: nyuma ya kiwanda cha matofali, safu ya pili ya makaburi.

Nikisema, mwanangu atakuwa kichekesho chuoni, na mimi atanitazama kwa macho gani? Nikinyamaza, fundi ana miaka themanini na moja. Daftari nilichome? Nimpelekee kwa siri? Niambie la kufanya.

Mama Profesa

*

Mama Profesa,

Pole, na hongera ya binti nakupa, usiniombe tena. Sasa nisikilize. Daftari usilichome. Ukilichoma, yule mdogo wake fundi utakuwa umempoteza wewe, na safari hii hakuna vita vya kusingizia.

Unasema unamlinda binti. Acha hayo, mama. Unalilinda lile jina ulilotia sahihi mwisho wa barua yako. Ulipomdanganya mtoto mdogo kwa kuogopa mawe, nakuelewa, hata mimi ningemdanganya. Leo ni mtu mzima na hakuna anayerusha jiwe. Kichekesho unachokiogopa kitatokea pale kitabu kitakapokuwa madukani, halafu mtu baki ndiye amwambie.

Wala usimpelekee fundi kwa siri. Atauliza limetoka wapi, nawe utatunga mpishi mwingine.

Mwite binti kabla ya Jumapili, aje peke yake. Usimwandikie, maana ukishika kalamu unajisifu na kujitetea. Weka daftari mezani kabla ya chai, kwa sababu chai utaifanya kisingizio cha kuchelewa. Mwambie: "Baba yako hakuwa mpishi. Alikuwa mlinzi wa gereza lile, na aliyekuficha ukweli ni mimi." Kisha funga mdomo, najua ni kazi kwako. Atakasirika. Huenda akaondoka bila kuaga. Usimkimbilie mlangoni, wala usimtume jamaa akamtulize. Huyo ameketi na wazee miaka kumi na tisa akisikia mazito kuliko hili, na hajainuka kitini. Mpe siku zake. Ukurasa wa mwanzo ni wake, aufute au aubadilishe, wewe usitie neno.

Lakini kwa fundi msichelewe, umri wake umeutaja mwenyewe. Nendeni wote wawili, daftari ulishike wewe, siyo profesa. Mzee yule alikuuliza umejuaje, ukamjibu kwa mzaha wa jikoni. Bado anasubiri. Kamjibu.