Nilivyouawa Kwenye Filamu ya Waitaliano

Wambui wangu,

Sisi huku Gitothua tuko salama, na baba yako amepona mafua. Unauliza kama kweli niliwahi kuuawa kwenye filamu. Ni kweli, na bado naudhika! Miaka ya tisini Waitaliano walikuja Thika kupiga filamu ya kutisha. Nilikuwa maiti, nimelala chini ya mibuni, kisu cha kuigiza kifuani na damu bandia yenye sukari, siafu wakinitafuna. Mkubwa wa Waitaliano akafoka, "Maiti hajikuni!"

Filamu ilipoonyeshwa Ruiru, kisu kilipochomolewa kifuani mwangu ukumbi mzima ulicheka. Nikakasirika karibu nilie. Ghafla mama yangu, aliyeketi kando yangu, akasimama akilia, "Mwacheni mtoto wangu!"

Nikamshika mkono. "Mami, si niko hapa?"

Hakuniachilia mpaka taa zikawashwa. Waliocheka siwakumbuki hata sura.

Ni mimi nyanya yako, cucu wako