Maneno Ambayo Mashine Huyaruka

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la fundi saa.
Jumapili, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu na za wote wa nyumbani. Hujambo? Shemeji mgongo umempa nafuu, au bado anakaa kitini kama kuku anayeatamia mayai? Na yule mdogo, meno ya mbele yameota au bado anacheka kwa ufizi? Nijibu moja moja. Usiniandikie "wote hatujambo" ukadhani nimeridhika.

Sisi huku hatujambo kweli. Mama goti linamsumbua asubuhi, likipata joto linatulia, lakini mdomo wake haujaumwa hata siku moja. Mimi mzima, ila tangu Ijumaa sijakaa chini nikatulia. Hata sasa nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la nguo, maana nikikaa nainuka tena.

Ni habari ya kazi yangu. Unajua kipindi changu cha majaribio kilikuwa kinaisha Ijumaa hii, na unajua jinsi Mama alivyokuwa akiniuliza kila jioni kama wamenipa barua. Basi nitakueleza yote. Ila usirukie ukurasa wa mwisho, Dada, nakujua. Soma kwa mpangilio, kama mimi nilivyoteseka kwa mpangilio.

Ofisi unaijua kuliko mimi. Feni ni ile ile, inazunguka na kulalamika. Kwenye meza yako ya dirishani siku hizi anakaa mhasibu, ameweka ua la plastiki na analimwagilia maji. Meneja ni yule yule uliyekuwa ukimwita Bwana Kanuni. Pale sikumwambia mtu kwamba wewe ni dada yangu. Ulitumia jina la shemeji, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, na mimi nilitaka kazi kwa jasho langu, nisije nikaambiwa nimebebwa.

Najua shemeji husoma barua zangu juu ya bega lako, basi ngoja nimweleze na yeye. Shemeji, mtu anapoandika programu, yaani yale maelekezo ya kuiambia kompyuta ifanye nini, anaruhusiwa kuweka pembeni maneno ya kawaida. Anayatia alama, na mashine ikiona alama hiyo inayaruka yote. Maneno hayo ni ya binadamu atakayekuja kurekebisha baadaye: hapa nilifanya hivi, kwa sababu hii. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa mpe mtu aliyechoka mahali pa kuandika ambapo mkubwa wake hasomi, uone ataandika nini.

Programu yetu bado ni ile ya foleni za kliniki. Mgonjwa anachukua namba mlangoni, anakaa, skrini ya ukutani inamwita. Imepita mikono mingi, na kila mkono umeacha neno. Wiki yangu ya kwanza nilifungua faili la tarehe za kuzaliwa nikakuta: "Mgonjwa huyu ana miaka mia mbili na kumi na nne. Ama mashine imekosea, ama tumuulize anakula nini." Mbele kidogo: "Sijui kwa nini hapa panafanya kazi. Nimepasalimia nikapita." Kwenye faili la risiti kuna aliyeandika: "Palikuwa na hitilafu moja. Nimeirekebisha. Sasa zipo mbili, lakini zinaelewana."

Na ile desturi ya kujibizana humo ndani haijafa. Kuna mtu aliandika, "Hii ni ya muda tu, nitairekebisha Jumatatu." Chini yake mwingine, "Jumatatu ipi?" Chini tena, mkono wa tatu, "Mwandishi ameshaoa, ana watoto wawili, Jumatatu haijafika." Mwandishi mwenyewe bado yupo, ndiye mtaalamu wetu mkubwa, na ofisi nzima inamwita Mzee Jumatatu. Anaitika bila kinyongo.

Na wewe umo, Dada. Nilikujua kabla sijaona jina. Nani mwingine anaigombeza mashine kama mtoto aliyekataa kuoga? "Usinitolee macho, namba nimekupa." "Ukiniletea sifuri tena leo utalala nje." Nilivunjika mbavu peke yangu mpaka mhasibu akaniuliza kama naumwa. Halafu nikafika kwenye faili la skrini, pale mashine inapongoja kati ya namba moja na nyingine, nikakuta umeandika: "Tulia mwanangu. Zamu yako itafika, hakuna aliyekusahau."

Kicheko kikakatika. Ni yale yale uliyokuwa ukituambia kila asubuhi tukigombania bafu, sisi tumepanga mstari na taulo shingoni, wewe mlangoni na ndoo. Nilikukumbuka sana siku ile, hata nikaenda kunawa uso. Na wewe barua yako iliyopita ulisema huko uliko hakuna anayejua kama uliwahi kufanya kazi yoyote, na hata huku umeshafutika. Nilitaka nikuandikie siku hiyo hiyo kwamba si kweli.

Afadhali sikuandika, kwa sababu kesho yake Bwana Kanuni akatuita. Wakaguzi wanakuja mwezi ujao, watasoma programu yote, na yeye hataki wasome habari za mgonjwa wa miaka mia mbili. Mizaha yote ifutwe. Programu si kijiwe, akasema. Kazi hiyo akanipa mimi, na akaongeza kwa upole kwamba ndiyo itakayomwonyesha kama ninafaa kubaki. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Nielewe nilivyobanwa. Nisipofuta, sina kazi, narudi kumpimia shangazi vitambaa na kusikiliza habari za majirani mpaka uzee wangu. Nikifuta, nakufuta wewe, na kwa mkono wangu mwenyewe. Nilizunguka na jambo hilo siku nzima. Mwisho nikafuta. Usinichukie.

Mistari ni mingi mno kuipitia kwa macho, basi niliandika kiprogramu cha kuifanya kazi hiyo. Pale hakuna kinachotoka bila watu wawili kukisoma, na msomaji wa pili alikuwa Mzee Jumatatu. Alisoma, siwezi kusema hakusoma, lakini alikuwa anaaga. Kila mzaha anausoma kwa sauti, anaguna, anasimulia aliyeuandika alikuwa nani na siku hiyo kulitokea nini. Tulikaa pale kama watu wanaogawana nguo za marehemu. Akaidhinisha huku akipangusa miwani.

Sasa shika kiti. Kwenye mafaili mengine yote kiprogramu changu kilifuta maneno pamoja na alama zake. Kwenye faili la skrini alama ni za namna nyingine, na humo kilifuta alama na kuyaacha maneno. Wewe umeshaelewa, nakuona ulivyoshika kichwa. Shemeji, maana yake ni kwamba kila kilichokuwa kimefichwa hakikuwa kimefichwa tena.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Alikuwa nesi mkuu wa ile kliniki kubwa, na alisema hivi: "Skrini yenu inaongea na wagonjwa."

Bwana Kanuni akachukua koti lake, akaniambia twende. Njiani nilishaanza kupanga nitakavyomwambia Mama, nianzie wapi, nimpe chai kwanza au baadaye.

Tukaingia. Lo, Dada. Ukutani, kwa herufi ambazo hata asiye na miwani anazisoma, wewe: "Tulia mwanangu. Zamu yako itafika, hakuna aliyekusahau." Na chini yake wewe tena, ile niliyoisahau kabisa: "Hii ya chini msiiguse. Sijui inafanya nini, ila ikiondoka kila kitu kinaanguka."

Sasa chini ya skrini ile kuna benchi. Benchi refu, zuri, na lote tupu. Watu wameegemea ukuta, mama mjamzito amepewa kiti cha mlinzi, mzee mmoja amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza, na hakuna aliyethubutu kuligusa benchi lile. Mlinzi alikuwa amelizungushia kamba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na papo hapo kicheko kinanijia. Nilijiuma shavu mpaka likavimba.

Bwana Kanuni akaanza hotuba yake ya kuomba radhi. Nesi mkuu, mwanamama ambaye akisema kaa unakaa, akamkatiza. Kumbe hakupiga simu kulalamika. Siku zote dirisha lake linagongwa tangu asubuhi: namba yangu imepita, mmenisahau, yule mbona ameingia kabla yangu? Leo hakuna aliyegonga. Mtu anainuka, anasoma, anarudi kukaa. Alichotaka kujua ni kama maneno yale yatakuwepo na kesho. Ila ile ya chini iondoke, kwa sababu anahitaji benchi lake.

Bwana Kanuni akaenda kusimama mbele ya skrini, mikono nyuma. Akasoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe. Halafu akauliza nani aliyaandika. Ningeweza kusema sijui, faili ni la zamani, na siri ya undugu wetu nayo ingebaki salama. Nikasema ni dada yangu. Akageuka akanitazama, nikaona anaitafuta sura yako usoni mwangu.

"Yule wa meza ya dirishani," akasema. "Nilimkataza mara ngapi."

Lakini alivyosema, hakuwa kama mtu anayegomba. Tukarudi ofisini, na mimi siku mbili nzima nikawa roho mkononi. Kila akikohoa najua ndiyo naitwa.

Ijumaa akaniita. Mezani bahasha mbili. Ya kwanza barua ya onyo, kwa kupeleka kliniki kitu ambacho hakijajaribiwa. Nimestahili, siwezi kubisha. Mzee Jumatatu naye kapewa yake, ameibandika ukutani karibu na picha ya harusi. Ya pili, Dada, barua ya ajira. Nimepata kazi. Niandike tena ili na mimi nione: nimepata kazi. Nilichanganyikiwa hata nikatia saini ya kukubali ajira kwenye barua ya onyo, ikabidi zichapishwe upya, na Bwana Kanuni kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. Ana pengo. Ulilijua hilo?

Mizaha imerudishwa yote kutoka kwenye nakala ya zamani. Mgonjwa wa miaka mia mbili bado yuko hai. Wakaguzi wakiuliza, Bwana Kanuni amesema watamuuliza yeye, na Ijumaa jioni nilimkuta amefungua faili la risiti anasoma, mdomo unamcheza.

Na kuna ujumbe wako, kwa hiyo sikiliza. Maabara wanataka maneno kwenye skrini yao, na dirisha la dawa pia, maana huko ndiko watu wanakoishiwa uvumilivu. Bwana Kanuni amenituma nikuulize kama utayaandika wewe, kwa malipo kama mfanyakazi mwingine, huko huko uliko. Usiniambie umeota kutu. Nimekusoma mwezi mzima, sijaona kutu. Kaa na shemeji mzungumze, mbishane mkitaka, kisha ujibu ndiyo.

Nisalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake la utani. Mwambie shemeji asibebe mitungi ya maji. Baba mdogo anakusalimu sana, na shangazi anataka vipimo vya watoto vya sasa, si vya mwaka jana, amepata kitambaa. Mzee Jumatatu si ndugu lakini anakusalimu kama ndugu. Anasema ile hitilafu mliyoiacha pamoja bado anailea.

Na Mama. Ijumaa ile ile, wakati mimi naziangalia bahasha, goti lilimzidi akaenda kliniki peke yake. Sikuwa nimemwambia lolote, niliogopa kumpandisha presha kabla sijajua mwisho wangu. Na pale ukutani hapakuwa na jina la mtu. Nesi mkuu ndiye aliyenisimulia jana kwa simu, bila kujua kwamba anamsema mama yangu, mpaka alipoutaja ule mkoba wake wenye mkanda wa kamba. Anasema namba yake iliitwa, hakuinuka. Ikaitwa tena, hakuinuka. Akamfuata kwenye benchi akidhani amezidiwa, akamkuta ameinua uso, anatazama skrini, machozi yanamtiririka na wala hayafuti.

Mama akamwambia, "Mpishe mwingine aingie kwanza, nesi. Mwanangu anaongea na mimi."

Mungu akutunze, Dada, akutunzie nyumba yako yote, na akurudishie kila ulichodhani kimepotea.

Wako akupendaye,
Chiriku