Saa Moja Bila Kuonja

Jumanne, alasiri. Upepo wa kipupwe umeshinda ukipuliza vumbi mpaka ndani ya kabati la vyombo. Asubuhi baridi ilikuwa kali, jua limechomoza kwa uvivu, na sasa hivi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya banda langu, nimeshiba, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu.

Roho yangu imetulia. Nalisema hilo mapema ili anayesoma asidhani naleta habari za msiba.

Blogu hii alinifungulia binti yangu Neema, aliyeko Dodoma, ili niandike mapishi. Mpaka leo sijaandika hata pishi moja. Hapa Mkiwa, kwenye njia panda, wasafiri wanashuka kwa ajili ya supu yangu ya kuku wa kienyeji, na sioni sababu ya kuianika siri yangu mtandaoni ili banda la jirani waisome. Kwa hiyo huwa naandika mengine. Leo naungama.

Huu ni mwezi wa tatu tangu mdomo wangu upinde. Nilikuwa nawakaribisha abiria wa basi la asubuhi, nikataka kusema "karibuni", yakatoka maneno ya mlevi. Mkono wa kushoto ukaachia sahani. Haikupita nusu saa, kila kitu kikarudi mahali pake, nami nikataka kuendelea na kazi. Rehema, mama mwenzangu anayenikandia chapati, akasema labda nimpige kwanza. Akanipakia kwenye gari lililokuwa linaelekea Singida mjini, akanifikisha hospitali na unga mikononi.

Daktari alisema ni kiharusi kidogo na kimepita, ila kikubwa kinaweza kufuata nisipojitunza. Akaniandikia kidonge. Ndani yake kuna aspirini ya kuzuia damu isigande, pamoja na dawa ya kulinda tumbo, kwa sababu zamani niliwahi kuugua vidonda vya tumbo na aspirini peke yake ingenichokonoa. Kimoja kila siku, asubuhi, kwa maji, angalau saa moja kabla ya kula. Kimezwe kizima. Kisivunjwe, kisitafunwe, kisisagwe, maana lile ganda lake limewekwa kwa makusudi. Nikaitikia sawa, sawa, sawa, kama mwanafunzi hodari.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwezi wa pili tumbo likaanza kuwaka moto, hapa chini ya kifua, hasa mchana. Nikasema moyoni, hiki kidonge ndicho adui. Kinasema kinalinda tumbo, mbona linaungua?

Wiki iliyopita niliacha kukimeza.

Siku tatu nzima. Neema ndiye anayeninunulia huko Dodoma na kunitumia kwa basi, maana maduka ya dawa ya hapa kwetu hayana. Kila asubuhi anapiga simu kuuliza, "Mama, umemeza?" na mimi, mtu mzima, nasimama katikati ya jiko nikijibu, "Nimemeza, mwanangu." Naandika hapa nikijua atasoma. Neema, nisamehe. Nilikudanganya siku tatu.

Jumamosi akaja wifi yangu kutoka Manyoni. Ni dada wa marehemu mume wangu, tunalingana umri, na tumetaniana tangu siku niliyoingia kwao na sanduku langu. Yeye anasema supu yangu hainyweki bila ndoo ya maji pembeni. Mimi namjibu kwamba kwao walizoea kupikiwa na watu wenye choyo cha chumvi. Kaka yake alikuwa akituacha tugombane, anakula.

Wifi hakumaliza hata siku moja kabla ya kugundua. Aliniona nimejishika tumbo nikiwa nimeinamia sufuria, akaniuliza, nikasema gesi. Akaenda mwenyewe kwenye kabati, akakitazama kile kikaratasi cha vidonge, akavihesabu vilivyobaki, akaniangalia. Jana alfajiri alikuwa ameshavaa, amejifunga kitenge, amesimama mlangoni na mkoba wake.

Huyo ndiye aliyenipeleka hospitali.

Daktari ni binti mdogo, pengine umri wa Neema. Akaniamkia shikamoo vizuri, nikaitika marahaba, nikajiona nimeshashinda kesi. Akauliza dawa naitumiaje. Nikamwambia nameza saa kumi na moja alfajiri nikiwa nawasha moto, kizima, kwa glasi ya maji.

"Na unakula saa ngapi, mama?"

"Saa nne, wateja wakipungua."

"Kabla ya hapo huli kitu chochote?"

"Sili chochote."

Wifi akakohoa. Nilimjua, hakuwa na kikohozi.

"Daktari," akasema, "muulize kuhusu kiganja."

Ikabidi nieleze. Kila mpishi anaelewa. Unachota supu kwa upawa, unatonesha kiganjani, unalamba. Chumvi imekaa? Tangawizi je? Unaongeza, unatonesha tena. Halafu kuna mchuzi wa maharage, kuna maini, kuna kipande cha chapati ya kwanza unachokata kuona kama imeiva ndani. Daktari akauliza ni mara ngapi kwa asubuhi moja. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikaisha, nikaona aibu nikaacha.

Naapa sikuwa nimemdanganya. Katika miaka yote niliyopika sijawahi kuita ule ulambaji kula. Kula ni kukaa chini, kunawa mikono na kuwa na sahani. Ukiniuliza saa mbili asubuhi kama nimekula nitakuambia bado sijatia kitu tumboni, na upawa uko mkononi.

"Mama, kuonja nako ni kula," daktari akasema. "Tumbo halijui kwamba unafanya kazi. Dawa hii inataka ipate hiyo saa moja peke yake."

Nilifikiri yameisha. Akauliza kama kuna dawa nyingine natumia.

"Hapana."

Wifi akakohoa tena.

Na hapo nikakumbuka vidonge vya magoti. Asubuhi za baridi magoti yangu hayataki kusimama, na duka la dawa liko ng'ambo tu ya barabara. Nanunua viwili, nameza, nasahau. Sikuwahi kuvihesabu kuwa dawa, kama ambavyo sikuhesabu kiganja. Daktari akaweka kalamu mezani. Akasema vile vidonge vya maumivu na aspirini ni ukoo mmoja, na ukivichanganya vinalichubua tumbo mpaka linaweza kuvuja damu ndani kwa ndani bila wewe kujua. Akauliza kama nimepata choo cheusi kama lami, kama nimetapika damu au kitu kama makapi ya kahawa, kama nasikia kizunguzungu nikisimama. Sikuwa na hata kimoja. Hata hivyo akanituma maabara, nikakaa kwenye benchi na wifi tukisubiri, hatutaniani.

Katika ile nusu saa ya benchi niliogopa kweli. Nilijiona nimekaa kwenye mkeka nyumbani, mdomo umepinda, nataka kusema jambo na Neema ananiinamia hanielewi. Mimi ni mtu wa maneno. Naita wateja, nagombana na wauza kuku, nasali kwa sauti. Nikinyang'anywa ulimi nitabaki na nini?

Damu ilikuwa sawa. Daktari akafurahi, kisha akanisema kwa adabu lakini bila kunibembeleza. Vidonge vya magoti basi, kuanzia leo. Magoti yakiuma, akaniandikia parasetamo na kiwango chake. Dawa yoyote nyingine, hata ya dukani, hata ya mitishamba, niulize kwanza. Nikiona choo cheusi nisingoje siku ya kliniki, nije siku hiyo hiyo. Na kuhusu zile siku tatu nilizoacha, maana nazo nilishaziungama, alisema hizo ndizo zilizomtisha kuliko tumbo, kwa kuwa damu haiwezi kusubiri mpaka hasira zangu ziishe. Kama dawa inanisumbua nirudi kwake, nisijiamulie jikoni.

Nikajaribu kupatana. Nikamwambia basi nitaamka saa tisa, nimeze, halafu saa kumi nianze kuonja kama kawaida.

"Na kulala utalala lini?" daktari akauliza. "Mwili wako nao unataka usingizi."

"Nitaonja mimi," wifi akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Saa kumi na moja nimemeza kidonge changu, glasi nzima ya maji, nikaangalia saa ya ukutani. Supu ilikuwa inachemka. Nikashika upawa, nikachota, na mkono wa kushoto ukajikunjua wenyewe kupokea tone. Wifi akanipiga kiganja kwa mwiko. Nikaomba radhi. Dakika tano hazijapita, kiganja kimetoka tena, nikapigwa tena. Rehema alicheka mpaka akakalia ndoo ya unga. Mwisho nikafukuzwa jikoni, nikaambiwa nikae nje na mikono yangu mapajani.

Saa moja bila kuonja ni ndefu. Nilikuwa nasikia kila kitu: mfuniko ukifunuliwa, upawa ukigonga ukingo wa sufuria, kimya cha wifi anapolamba. Kupitia uwazi wa turubai nikamwona anatia chumvi. Akachota kwa ncha za vidole mara moja tu, akafunga kopo.

Mara moja! Kwa sufuria ile!

Nilitaka kuinuka. Miaka kumi na minane nimejenga jina kwenye njia panda hii kwa ulimi wangu huu, na sasa mtu wa Manyoni asiyejua kutofautisha supu na maji ya kunawa analimwaga kwa ncha za vidole. Sikuinuka, lakini nimeona vyema niandike kwamba nilitaka.

Wateja wa kwanza wakaja. Akaja dereva wa lori anayetoka upande wa Itigi, ambaye hula kwangu mara tatu kwa wiki na haachi kusema kitu kikipungua. Mimi nikawa nafuta meza moja ileile huku namwangalia. Kopo la chumvi lilikuwa mbele yake. Hakuligusa. Akanywa, akafuta paji la uso, akaomba bakuli la pili. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani naye akaongeza. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza leo nani kapika.

Nilifurahi. Niliumia kidogo pia, siwezi kukataa.

Saa moja yangu ilipotimia, wifi akaniletea bakuli mwenyewe. Nikanywa nimekaa chini, nimenawa mikono, kwa kijiko. Ilikuwa tamu. Unasikia kuku kwanza, kisha tangawizi, chumvi inakuja mwisho bila kelele. Naweza kuandika hivi kwa amani kwa sababu wifi hana habari na blogu.

Mchana tumbo halijaniwaka kama jana. Siku moja si kipimo, najua, na magoti yamenisumbua vya kutosha. Nimemeza parasetamo kwa kiwango nilichoandikiwa, nikatembea taratibu. Duka la dawa la ng'ambo nimelipungia mkono tu.

Tulipokuwa tunaosha masufuria nikamchokoza. Nikamwambia wifi, usijisahau, hawa wateja wamekuonea huruma tu, kesho watadai chumvi yao. Nilitegemea anirudishie maneno kama siku zote. Akaendelea kusugua. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Kaka yangu nilishamzika, wifi. Wewe sikuziki kwa ajili ya kulamba supu."

Tangu mume wangu aanguke shambani miaka sita iliyopita, mimi na wifi hatujawahi kulizungumza jambo hilo kwa maneno yake kamili. Tumetaniana tu. Nikachukua sufuria mkononi mwake nikaisuuza, akachukua nyingine, tukaendelea hivyo mpaka vyombo vikaisha.

Anasema atakaa mpaka nirudi kliniki mwezi ujao. Alizeti yao wameshavuna, nyumbani kuna watu. Akiondoka, Rehema atakuwa ameshazoea kuonja, na mimi nitakuwa nimeshaufundisha mkono wangu wa kushoto adabu. Nimempigia Neema nikamweleza yote kabla hajayasoma hapa. Alilia kidogo, akanigombeza kidogo, kisha akaomba kuongea na shangazi yake, na wakaniweka pembeni kabisa.

Alfajiri nitameza kidonge kizima, kwa maji, halafu nitatoka nje nikakae na mikono yangu mapajani. Wifi akipunguza chumvi tena, tutagombana. Nataka tugombane miaka mingi.