Rangi Nyeupe Kwenye Nati

Turiani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na mvua zimefika huko Iramba au bado mnatazama juu tu? Mimi ni mzima wa mwili, na hilo ndilo pekee ninaloweza kukuambia bila kukudanganya. Sikupiga simu kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, nawe huanza kulia kabla sijamaliza kusema. Mdogo wangu Salma akusomee mkiwa wawili, na asiruke kitu.

Siko tena gereji pale Msamvu. Niko huku Turiani, naamia ndege kwenye mpunga wa watu. Tangu alfajiri napiga debe na kupayuka mpaka koo linawaka, mimi yule fundi wa malori uliyekuwa ukinitangaza kwenye kila harusi. Nikiona lori linapita barabarani, nageuza uso upande wa pili.

Ilikuwa hivi. Kuna mzee mmoja Mluguru, Mzee Kibwana, anayeshusha ndizi kutoka Kinole kwa lori lake mwenyewe. Matairi yake ya mbele yalikuwa yanalika upande mmoja, akatuletea tuyanyooshe. Kazi hiyo naijua, mama. Unavuta kamba pembeni mwa matairi kupima, unaingia uvunguni, unazungusha tai rodi, ule mtaimbo unaoshika tairi la kulia na la kushoto pamoja, mpaka vipimo vikae sawa. Kisha unakaza nati za vibanio vyake, huku na huku, ili mtaimbo usijizungushe tena gari likiwa njiani.

Gereji kwetu aliyekaza hajikagui. Mwingine anaingia uvunguni, anajaribu kila nati kwa spana, na kila anayoiona imekaza anaitia rangi nyeupe. Dereva akiinama akaiona rangi, anajua wawili wamepita.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikaza kibanio cha kushoto. Cha kulia nilikishikiza kwa vidole tu, maana nilitaka kupima kamba mara moja tena, nami nikapima, vipimo vikatoka vizuri, nikafurahi. Hapo Rajabu, fundi mkuu wetu, akawa anaosha mikono aende msikitini. Nikamwambia, "Kaka, bado kukagua." Akasema, "Tia rangi mwenyewe, dada. Leo nakuaminia."

Miaka mitatu, mama! Miaka mitatu alikuwa akirudia kila nati yangu mbele ya wateja, akicheka kwamba mikono ya kukunia nazi haikazi chuma. Siku hiyo akasema ananiaminia. Nilichukua brashi nikatia rangi kushoto na kulia kama mtu anayepaka hina, wala sikugusa spana.

Siku ya nne lori lilikuwa linashuka na mzigo. Kwenye kona ya juu kabla ya Bigwa, Mzee Kibwana akazungusha usukani, magurudumu hayakuitika. Alitumbukia kwenye shamba la mihogo, paja lake likavunjika mahali pawili. Tulipokwenda kulivuta nikaingia uvunguni wa kwanza. Tai rodi ilikuwa imejizungusha mpaka ikachomoka upande wa kulia, na ile nati niliigeuza kwa vidole viwili. Rangi yangu ilikuwa bado inang'aa.

Rajabu akamwambia bosi mbele yangu, "Mimi nilikuwa msikitini. Rangi katia yeye." Na ni kweli, ndiyo maana namchukia mpaka leo. Bosi hakugomba. Alileta karatasi imeshaandikwa: dereva alizidisha mzigo, dereva alikataa kusubiri ukaguzi. "Weka saini, kesho asubuhi uje kazini kama kawaida."

Niliichukua, mama, sitakuficha. Nilitembea nayo mfukoni kutwa nzima. Nilikuwa nakufikiria wewe na majirani, na jinsi walivyonicheka nilipoondoka na begi la spana badala ya mume. Kesho yake nikaenda nayo hospitali, sijui nilikuwa natafuta nini, labda nimkute mzee akinitukana ili iwe rahisi kusaini.

Hakunitukana. Aliniuliza, "Mwanangu, ulikaza?"

Nikasema, "Sikukaza, mzee. Niliambiwa naaminiwa, nikatia rangi."

Akasema, "Hata mimi nilikuamini. Niliinama nikaiona rangi, nikapanda." Akageukia ukutani, na mkewe akanionyesha mlango kwa kidole.

Karatasi nilimrudishia bosi bila saini, nikavua ovaroli pale pale. Usidhani nilijisikia shujaa. Nilijisikia mjinga, na bado najisikia hivyo. Rajabu yupo kazini, na sasa wanasema yeye ndiye anayekagua kila gari.

Nisalimie shangazi Mwajuma anayetuangalizia mbuzi, na mjomba Idi fundi baiskeli aliyenipa spana ya kwanza. Mwambie ninayo bado. Salma naye nambusu.

Najua ukisikia haya utasema kuna mkono wa mtu, na majirani watakuitikia, watakutajia hata jina la aliyenionea wivu. Wakatalie, mama. Waambie nilikuwa na spana mkononi na muda wa kutosha.

Ni mimi mwanao,
Tatu