Wageni wa Merigi kwenye Tamasha

Kericho, 6 Oktoba 2025

Mama mpendwa,

Hamjambo hapo Merigi? Mgongo wa Baba umepoa? Mimi mzima, na hatimaye nimepata kazi! Kampuni moja ya Nairobi inaleta tamasha la muziki mjini, nami wamenipa lango nisimamie. Mambo yakienda vizuri wataniajiri kabisa. Ni kwenye ile bustani ya karibu na hospitali, tulipokuwa tukikaa Baba alipolazwa. Jumamosi, tarehe ishirini na tano. Waambie watu wote nyumbani! Omariba wa lori la maziwa atakuletea barua hii, maana simu yako ni ya kubahatisha.

Mwanao, Kiplimo

Merigi, 13 Oktoba

Kiplimo mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mgongo wa baba yako huuma tu akitajiwa kuchuma chai. Tumefurahi sana, ila nina maswali, unanijua. Bustani ni ya watu wote; lango limetoka wapi? Nilikaa pale kwenye nyasi siku nyingi nikingoja saa ya kuona wagonjwa, sikuona lango. Wanaongoja watakaa wapi siku hiyo? Na mwenye tamasha aliketi na majirani akawaomba? Pale bondeni ng'ombe wanapolamba chumvi ni ndani ya shamba la mzee Johana, lakini hajawahi kufukuza ng'ombe wa mtu. Na je, wataimba nyimbo za Mungu?

Nimetangaza kanisani ulivyosema. Walipiga makofi.

Mama yako, Tecla

Merigi, 27 Oktoba

Mwanangu,

Umelala vizuri baada ya kelele ile? Masikio yangu bado yanaimba. Hukujibu maswali yangu, nikaona heri nije nijionee. Wanawake wa kokwet yetu, majirani zetu wa hapa kijijini, nao wakasema wametangaziwa, na aliyetangaziwa sherehe amealikwa. Ndiyo sababu tulikuja wengi na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, maana hatuendi kwa mtu mikono mitupu. Ungetuambia kuna tiketi!

Nilicheka askari wa langoni alipomnusia jirani yetu Rodah kibuyu. "Mama, pombe haikubaliwi hapa." "Haya ni maziwa, onja!" Akaonja, akaonja tena. Kisha ukasema, "Fungua, hao ni wageni wangu." Nikawaita na wale waliosimama na chakula cha wagonjwa kando ya mabati yaliyozungushiwa bustani. Nao si wageni?

Nilikusudia nisifurahi, kwa sababu ya kanisa. Nilishindwa. Yule wa gitaa ana mkono! Lakini ule moshi jukwaani, nini kilikuwa kinaungua? Na yule bwana wa miwani aliyekuvuta nyuma ya hema alitaka nini? Wamekuajiri?

Mama yako

Kericho, 30 Oktoba

Mama,

Natumaini masikio yamepona. Moshi ni wa mashine, hakuna kilichoungua.

Yule bwana ni mkubwa wangu. Aliuliza nani amefungua lango, nikasema ni mimi. Akauliza kama nawajua watu wale wote. Ningemwambia nimekosea, labda angenisamehe. Nikamwambia mwenye kibuyu kikubwa ni mama yangu, na wale wengine walikuwa wakikaa hapa kabla yake yeye. Basi, kazi imekwisha. Usimwambie Baba bado. Naona aibu sana.

Kiplimo

Merigi, 3 Novemba

Mwanangu,

Leo sikuulizi habari, ninazo. Nimelia kidogo jikoni, sitakuficha. Baba yako nimemwambia, unajua mdomo wangu. Alimaliza chai yake, halafu akasema, "Aje. Magugu yamejaa shambani." Kwake hayo ni maneno matamu.

Mimi sina aibu nawe hata chembe. Ungetufungia, ningerudi huku nikiwaambia nini wenzangu?

Lakini kitu kimoja kinaninyima usingizi: mabati wameondoa? Wenye wagonjwa wamerudi? Nenda ukaangalie, uniambie, ndipo upande gari.

Mama

Kericho, 5 Novemba

Mama,

Wameondoa. Nyasi zimekanyagwa hadi zikawa matope, ila watu wamerudi, nami naandika nikiwa katikati yao. Mama mmoja ambaye mumewe yumo wodini ameniuliza nangoja mgonjwa gani. Nimemwambia sina mgonjwa, nimekaa tu.

Amenisogezea leso yake niikalie, nisilowe.

Mwanao, Kiplimo