Mgeni Ameamkaje?

Newala,
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Veronika,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Kwanza niambie goti linaendeleaje, na kama mvua za Mpimbwe zimeuacha mpunga umesimama au zimeulaza. Redio haisemi lolote la huko kwetu. Mimi ni mzima kwa kiasi cha umri wangu. Macho bado yanasoma, ila ukungu wa asubuhi wa huku juu unaniingia kifuani, na miaka yote hii sijauzoea.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima. Juzi nilipopiga kukueleza ya binti yangu Yustina, nilisikia hata wateja wa duka la jirani wakinipa pole. Ukaniuliza mbele yao: "Baba mzazi anauliza tumbo la binti yake mbele za watu? Nyie huko kusini mmekuwaje?" Kisha simu ikakatika, au uliikata. Swali lako ni la haki, ila jibu lake ni refu kuliko simu.

Yustina bado amelazwa. Mtoto bado yumo tumboni na moyo wake unapiga. Daktari anasema kila siku anayoipata humo ndani ni faida kwake, lakini moyo ukionekana kulegea watampasua mama yake saa hiyo hiyo. Hapo ndipo tulipo. Huenda barua hii ikikufikia jambo litakuwa limekwisha, kwa heri au vinginevyo.

Unajua alivyokuja. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwao mama yake, na mumewe yuko mbali kwenye ujenzi wa barabara, kwa hiyo akamleta kwa wazazi. Wazazi wenyewe nimebaki mimi. Mama yake angekuwa hai, au wewe shangazi yake ungeweza kupanda basi, ningehamia barazani kama Baba alivyofanya ulipokuwa na mimba ya Kaspari, nikawa naletewa habari pamoja na chakula.

Aliingia hapa mimba ina miezi saba. Nina watoto wanne, na miaka mingi nilichora mji wa mimba ubaoni mbele ya darasa la saba, lakini miezi mitatu ya mwisho sikuwahi kuiona kwa karibu. Yustina alikuwa akila matonge machache, anainuka, anazunguka uani mpaka kiungulia kishuke, ndipo anarudi kwenye sahani. Miguu ilivimba jioni, asubuhi ikapungua. Akiinama kufagia pumzi ilikata. Mara nyingine tumbo lilikaza ghafla, akashika ukuta, kisha likaachia. Nesi alimwambia ule si uchungu, ni mwili unajifunza kazi. Alilala kwa ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa, na alinifichia udongo wa kula kwenye kopo la chumvi. Nilijifanya sijaona.

Kadi yake ya kliniki ilikaa mezani, nami nilisoma kila kilichoandikwa: damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maji kutoka kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza. Nilijua la kuangalia. Kuuliza ndiko kulikonishinda. Wewe na mimi tumelelewa nyumba moja, unajua baba haanzi tu kumwuliza binti yake mambo hayo.

Ndipo nikaazima neno la Baba. Kila asubuhi alimwuliza Mama, si wewe, "Mgeni ameamkaje?" Siku ya kwanza nilipomwambia Yustina hivyo, alicheka mpaka akakaa chini. Akajibu kwamba mgeni ameamka na miguu yote miwili. Tangu hapo tukawa na lugha yetu. Mgeni amecheza mpira usiku kucha. Mgeni hataki maharage. Mgeni amepata kwikwi kanisani. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tangu mama yake afariki hatukuwahi kuongea kiasi hicho.

Alhamisi niliuliza kama kawaida, naye akajibu, "Mgeni amelala, baba."

Nikamwambia mgeni aliyelala haamshwi. Akatabasamu, akaendelea kupepeta mchele. Mimi nikachukua ndoo kwenda kwenye bomba.

Kwenye foleni ya maji nilimkuta Bi Somoe, jirani yangu, mama wa makamo mwenye utani mwingi. Akauliza habari za nyumbani. Nikamjibu kwamba mgeni leo amelala.

"Mwalimu, una mgeni na hukuniita nije nile wali?" akasema, na wanawake wote wa foleni wakageuka.

Yeye hakulelewa Mpimbwe, hakuwa na namna ya kujua. Ikabidi nimfafanulie, na kufafanua ni kusema kwa maneno ya kawaida. Nikaanza, "Yaani mtoto aliye tumboni hachezi..." na sentensi sikuimaliza. Niliyasikia maneno yangu mwenyewe. Bi Somoe hakucheka tena. Aliitoa ndoo yangu kwenye mstari akaiweka pembeni, akanitangulia njiani, na wakwe zake wawili wakatufuata.

Yustina alikuwa bado na ungo mapajani. Wale wanawake walisimama mlangoni wakiningoja, kwa kuwa nyumba ni yangu. Ningeweza kumwachia Bi Somoe aulize. Nimelifikiria hilo sana tangu uliponipigia kelele. Lakini binti alikwisha kusikia kwangu kwamba mgeni haamshwi, na neno la baba hutenguliwa na baba.

Nikamwuliza, "Yustina, mtoto amecheza tumboni mwako tangu jana?"

Aliutazama mchele. "Hajacheza, baba. Tangu jana mchana. Nilikwambia amelala."

Alinijibu kwa heshima, bila kunilaumu. Alidhani nimeelewa, na kwamba jibu langu lilikuwa ushauri.

Tulikwenda kwa bajaji. Nesi alipopitisha kipimo juu ya tumbo ilikuwa kimya kwanza, nikiwa nje ya pazia nasikiliza. Kisha nikasikia mapigo. Walikuta maji yamepungua na mtoto amedhoofu, lakini yupo.

Ukijaliwa kuja, njoo ukae naye wewe, nami nitarudi barazani kwangu bila ubishi. Mpaka hapo, kila saa ya kuona wagonjwa nasimama kando ya kitanda chake na kuuliza kwa maneno yale yale, waziwazi. Wodi nzima imezoea. Wengine hunijibu hata kabla yake.

Nisalimie Kaspari, mwanao, na mkewe anayepima mchele sokoni Kashaulili. Msalimie mjomba anayelinda shamba la Magamba. Mwambie asali yake ilifika, chupa moja tu ndiyo iliyovuja. Msalimie katekista mzee, nanyi wote hapo Majengo mtuombee. Na mwenye duka jirani, kwa kuwa naye ni msikilizaji wetu, mpe shukrani kwa pole zake.

Kuna moja zaidi, na ni heri ulisikie kwangu kabla halijakufikia kwa njia nyingine. Jana nilipouliza, Yustina alinishika mkono, akauweka tumboni mwake mbele ya wodi nzima. Sikuutoa. Niliuacha pale, tukangoja wote wawili, mpaka mtoto alipogusa kiganja changu, mara moja, halafu tena.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Anselmo